Siku Breki za Anko Wafula Zilipotibiwa Bomani

Harufu ya breki iliyoshika moto haifanani na nyingine yoyote. Si ya mpira unaoungua, wala si ya chuma kwa fundi wa kuchomelea. Ina ukali fulani unaokaa nyuma ya pua, kama mtu amechoma nywele kwenye sufuria kavu. Juzi nilikuwa nimesimama kando ya barabara, mahali nisipokuwa na jamaa wala shughuli, kama kawaida yangu, lori la mahindi likateremka kilima likihema na harufu ile ikanipitia. Watu waliokuwa karibu nami wakaziba pua. Mimi nilivuta pumzi. Mtanisamehe, lakini wengine wanakumbuka utoto wao kwa harufu ya mandazi, na mimi yangu ni hiyo.

Niliijua mara ya kwanza siku tuliyohama Webuye kwenda Kitengela. Mama, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amepata uhamisho. Anko Wafula, mdogo wake wa kiume, alikuwa amepata kazi ya ukarani katika kiwanda cha simiti huko Athi River. Basi tukapakia maisha yetu yote ndani ya gari lake dogo la rangi ya machungwa, gari alilonunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu mwingine, magodoro yakiwa juu na kuku wawili chini ya miguu yangu. Tuliondoka bado giza. Timboroa tulipita ndani ya ukungu, madirisha yakitoa jasho, na baada ya Mau Samiti barabara ikaanza kushuka, ikashuka, ikazidi kushuka. Mama alikuwa akiimba wimbo wa kanisa, na kadiri mteremko ulivyozidi ndivyo sauti yake ilivyopanda. Moshi mwembamba ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya mbele.

Anko aliegesha kando, akachukua kibuyu cha maji ya kunywa, akayamwaga yote kwenye gurudumu. Shhh! Mvuke ukaruka, kuku wakapiga kelele.

"Wafula, hayo maji ni ya mtoto," Mama akasema.

"Dada, gari ikifa mtoto atakunywa akiwa wapi?"

Tulifika Kitengela jioni. Nilikuwa nimezoea migomba na vilima vya kijani, na hapa kulikuwa na uwanda ambao macho yalikuwa yakitembea mpaka yanachoka. Siku hizi ukipita pale ni ghorofa juu ya ghorofa na maduka ya vigae, lakini wakati ule upepo ulitoka mbali bila kugonga kitu, ukileta vumbi jeupe na harufu ya samadi. Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta punda milia nyuma ya choo chetu. Nilifikiri ni wa jirani.

Hatukuwa tumekaa sana Anko akaanza kuvaa tai siku za kawaida. Mama akajua mara moja. Msichana aliitwa Naserian, mpiga chapa katika ofisi moja Kajiado mjini, na aliimba safu ya mbele katika kwaya ya kanisa letu. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko kifupi kama kikohozi, na alininunulia soda bila kutafuta sifa. Nilimpenda kabla Anko hajamaliza kueleza kwa nini yeye anampenda. Nyumbani kwao kulikuwa mbele ya Isinya, unaacha lami unaingia barabara ya vumbi, ya marram, kwa baba yake, Mzee Lemayian, mfugaji.

Shida ni kwamba msichana kama huyo hakosi watu. Kulikuwa na wakala mmoja wa mizigo kutoka mpakani Namanga, mwenye pikapu mpya inayong'aa, ambaye alikuwa ameshapeleka kwa mzee blanketi na sukari. Anko hakuwa na pikapu. Alikuwa na akiba kidogo ya mahari, na gari la rangi ya machungwa ambalo lilikuwa limeanza kulia.

Lilikuwa likilia kweli. Ukigusa breki tu, mlio mwembamba unatoka mbele, mrefu, wa kukuna meno. Watoto wa mtaani walikuwa wakitusikia kabla hatujakata kona. Fundi Musyoka, aliyekuwa na banda lake karibu na stendi na mdomo usiopumzika, alimwambia Anko waziwazi. "Karani, hiyo ni pedi inakuita. Iko na kijichuma kidogo pembeni. Pedi ikiisha, kinagusa diski, kinapiga kelele. Ikilia shukuru Mungu. Siku itanyamaza ianze kusaga kama kinu, usikuje kwangu, enda kwa pasta."

Anko alisikia vizuri sana, kisha akaongeza sauti ya kanda.

Siku ya kwenda kujitambulisha tulikuwa wanne garini: Anko, Mama, mimi, na Babu Barasa, mzee wa kwetu aliyepanda basi kutoka Webuye ili awe msemaji wetu. Babu alikuwa mtu wa kujua mila. Alijua mila za kwetu, na alijua, kwa maelezo yake mwenyewe, za makabila yote yanayopakana na reli. Njia nzima alitufundisha. Usikatae maziwa. Usihesabu ng'ombe wa mtu. Mtoto ainamishe kichwa, mkubwa atamwekea kiganja.

Tukafika. Boma lilikuwa chini kidogo, karibu na korongo kavu, na njia ilishuka taratibu mpaka langoni. Anko akakanyaga breki. Gari likalia kilio ambacho sijasikia kingine mfano wake. Ndama waliruka, mbwa wakabweka wakirudi nyuma, na bibi mmoja akatoka nyumbani ameshika mwiko.

Mzee Lemayian alitujia polepole, amejifunga shuka na kuvaa koti la suti juu yake. Niliinamisha kichwa. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi. "Sopa," akasema, salamu ya Kimasai. Akawasalimia wote. Lakini badala ya kutukaribisha alilizunguka gari, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akanusa.

"Hii ng'ombe yenu iko mgonjwa," akasema.

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Sisi hatuongei mambo ya msichana na mnyama analia hapo nje. Mtibu yeye kwanza. Na mtibu hapa, kwangu, nikiona."

Anko alifungua mdomo. Babu Barasa akamkanyaga mguu. "Nyamaza," akanong'ona. "Hiyo ni mila yao. Nilikuwa naisikiasikia."

Tukanywa chai ya maziwa mazito yenye harufu ya moshi, tukaongea habari za mvua, tukaongea habari za nyasi, tukaongea tena habari za mvua. Naserian alipita mara moja na birika bila kututazama. Jina lake halikutajwa. Tulipoaga, mzee alisema tu kwamba yule wa Namanga anakuja mwisho wa mwezi.

Mtu mwenye akili angeenda moja kwa moja kwa Musyoka. Lakini Anko alikuwa amepiga hesabu kichwani: breki mpya zitakula mahari, na bila mahari breki ni za nini? Akaona tatizo si breki. Tatizo ni kelele.

Jumamosi iliyofuata tukarudi. Tulipoacha lami, kabla ya boma kuonekana, Anko alisimamisha gari nyuma ya vichaka vya miiba, akatoa jeki, akafungua magurudumu ya mbele, na akachukua kopo la oili. Akapaka diski pande zote kwa upole, kama mama anayempaka mtoto mafuta Jumapili.

"Wafula, unafanya nini?" Mama akauliza.

"Namnyamazisha."

"Na atasimama?"

"Dada, hapa ni tambarare."

Na kweli ilikuwa tambarare, na kweli gari lilinyamaza. Tulikwenda kwa mwendo wa bwana harusi, vioo vimeshushwa, Anko akipiga mluzi. Alikuwa amesahau mteremko wa langoni. Alipokanyaga breki, mguu wake ulikwenda na gari likaendelea kwenda. Nilimwona akikanyaga tena, tai imemrukia begani. Breki za nyuma zilijaribu kushika peke yao, lakini hazikutosha. Babu Barasa alisema neno moja la Kibukusu ambalo Mama alinikataza kulirudia. Tukaliacha lango kushoto kwetu, tukapita katikati ya ua wa miiba wa zizi la ndama, na tukasimama, taratibu kabisa, ndani ya lundo la samadi.

Hakuna aliyeumia. Ndama walikuwa malishoni. Vumbi lilipotulia, Mzee Lemayian alikuwa amesimama kando ya dirisha la Anko, mikono nyuma.

"Leo ameacha kulia," akasema. "Leo amekataa kusimama."

Anko akazima injini.

"Sitaki ng'ombe mwingine," mzee akaendelea, bado kwa sauti ileile. "Nataka huyu apone. Leta daktari yake. Kama yule wa Namanga atafika hapa kwanza, nitamsikiza yeye."

Kwa hiyo gari likabaki pale, na Jumatatu Musyoka akaja bomani na sanduku lake la spana, anaongea tangu anashuka kwenye pikapu ya maziwa. Wazee wa jirani walikuwa wameshapata habari. Walikaa kwenye vigoda vyao kwenye kivuli cha gari lenyewe, tumbaku mkononi, kama watu waliokuja kuona mnyama akichinjwa na kugawanywa. Mama naye alikuwepo, maana ilikuwa likizo, na Anko alikuwa amewaaga kazini kwamba ana msiba. Sijui alimwua nani.

Gari likawekwa juu ya mawe, magurudumu yakatoka. Musyoka akafungua pedi ya kwanza akampa Mzee Lemayian. Mzee akapitisha kidole gumba juu yake, polepole, kisha akampa wa pili, naye akampa wa tatu. Kila mmoja aliipapasa akatikisa kichwa.

"Meno imeisha," mmoja akatoa hukumu. "Huyu hawezi kula tena."

"Si nilisema!" Musyoka akashangilia. "Pedi ikibaki unene wa sarafu mbili zimebebana, toa. Hii imebaki karatasi. Na imekunywa oili. Pedi ikinywa oili haifuliki, hata ukiosha na maombi." Akageukia diski, akainama, akapitisha ukucha. "Na hizi ziko na mifereji, ona. Pembeni zimeota ukingo. Tena zimepinda kidogo. Nani alizimwagia maji zikiwa moto?"

Mama alimtazama Anko. Anko alitazama Kilimanjaro, ambayo siku hiyo haikuonekana.

"Nunua kila kitu mpya," Musyoka akasema. "Pedi, diski, mbele yote. Nitakuletea kutoka Nairobi."

Hapo ndipo nilipoona rangi ya Anko ikibadilika. Mahari ilikuwa inaondoka mbele ya macho yake, na Naserian alikuwa amesimama mlangoni anaiona ikiondoka. Mama akavua kiatu, akaketi kwenye gurudumu la akiba. Alikuwa na namna ya kuuliza maswali darasani iliyofanya mtu ajisahihishe mwenyewe.

"Fundi, hizo diski zimekufa au zimeumia?"

"Zimeumia, Mwalimu."

"Unajuaje?"

Musyoka akakuna kichwa, akatoa kipimo chake, akabana diski ya kwanza, kisha ya pili. Kila diski, alitueleza, ina unene wake wa mwisho. Ikipita chini ya hapo, haina matibabu, unatupa. Hizi zilikuwa bado nene. "Zinaweza kuchongwa," akakubali. "Kuna mtu wa mashine ya kukereza Athi River. Anazinyoosha zinakuwa kama kioo. Bei yake ni ya chai tu. Lakini zote mbili, Mwalimu. Ukichonga moja, gari itavuta upande."

"Na pedi?"

"Pedi usicheze. Mpya, za mbele zote nne kwa pamoja. Si lazima za bei ya juu, lakini zile za kuuzwa barabarani juu ya gunia, hapana."

"Basi si umesema mwenyewe," Mama akasema, akavaa kiatu.

Wazee walipotafsiriwa maneno hayo, walipiga kofi moja kila mmoja. Ng'ombe hachinjwi kwa sababu ya kwato.

Musyoka akaondoka na diski ndani ya gunia, na siku zikaanza kupita. Mashine ya Athi River ilikuwa na foleni, kisha umeme ukakatika, kisha mwenye mashine akaenda harusini. Gari lilibaki juu ya mawe, ndama wakililamba rangi kwa ajili ya chumvi ya vumbi. Anko hakuweza kuliacha. Alilala bomani, asubuhi anatembea hadi lami kwenda kazini, jioni anarudi amejaa simiti na vumbi, na kabla ya kula anasaidia kuteka maji ya mifugo. Mimi nilikuwa pale kwa likizo, nimejifunza kunywa maziwa ya kibuyu bila kukunja uso. Siku ya kwanza ng'ombe walimkimbia Anko. Siku nyingine nilimkuta ameshika pembe za mmoja huku Mzee Lemayian akimwagia dawa mdomoni, wote wawili wanagombana kuhusu namna ya kushika, kama watu waliozoeana.

"Shika juu! Wewe ni karani ya nini, hujui kushika?"

"Mzee, hii ng'ombe yako ndiyo haijui kushikwa!"

Ua wa ndama aliufunga upya mwenyewe. Mikono yake ilichanikachanika, na Naserian alimtoa miiba kwa sindano, baba yake akiwa amegeuka anatazama upande mwingine kwa muda mrefu kupita kiasi.

Diski zilirudi zinang'aa, mwezi haujaisha. Musyoka alizifuta kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka safi, akairudisha ndani pistoni inayosukuma pedi kwa kuibana kidogokidogo, akaweka pedi mpya. Grisi aliipaka kwenye pini za pembeni peke yake, akimwonyesha Anko kwa kidole kama mtoto: hapa ndiyo, hapa hapana. Akamkanyagisha breki mara kadhaa mpaka ikawa ngumu mguuni. Kisha akasema pedi mpya na diski zilizochongwa lazima zizoeshwe. Nenda, shika pole, achia, acha zipoe, rudia. Usizikanyage kwa hasira siku za mwanzo.

Mzee Lemayian akafungua mlango wa mbele, akaketi, fimbo katikati ya magoti. "Twende."

Mimi nilijipenyeza nyuma. Tukapanda mpaka juu, tukageuka, tukashuka kuelekea langoni. Anko akagusa breki. Gari likasimama. Halikulia, halikutetemeka, lilisimama tu, na nikasikia upepo.

"Rudia," mzee akasema.

Tukarudia.

"Tena."

Sijui tulishuka ule mteremko mara ngapi. Kila mara mzee alishika dashibodi kwa mkono mmoja, macho barabarani, na kila mara gari liliposimama aliachia pumzi. Mwishowe akafungua mlango.

"Sasa ingieni ndani," akasema. "Tuongee."

Walioana kabla ya mvua. Yule wa Namanga, nasikia, alipata mtu wa Bisili na wakaishi vizuri. Babu Barasa alirudi Webuye na hadithi, na hadithi ikamshinda nguvu. Kila penye posa alisimama akaeleza kwamba Wamasai wana mila nzito ya kukagua breki. Binamu yangu alipokwenda kuposa Narok, alipitia gereji kwanza, akabadilisha pedi ambazo zilikuwa na afya kabisa, na akafika kwa wakwe akiwa na za zamani ndani ya bahasha, kama ushahidi. Walimwuliza ni za nini. Upande wa pili pia hawakubaki nyuma. Mabibi wa kule Isinya waliambiana kwamba sisi Waluhya mila yetu ni kuingia kwa wakwe kupitia ua.

Mimi mwenyewe niliamini habari ya mila mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Mama alikuwa ameomba kurudi Webuye, nyumba yetu imekwisha kukabidhiwa, na mimi sikutaka kwenda naye. Nilitaka kuona upande wa pili wa Namanga, na upande wa pili wa hapo. Asubuhi ya kuondoka nilikula kwa Naserian, tuliyekuwa tukimwita Anti wakati huo, akiwa na mtoto mgongoni. Nilimwambia nitakakokwenda nitawaeleza watu mila zao, kuanzia ile ya breki.

Alicheka kile kicheko chake cha kikohozi mpaka akaweka sufuria chini.

"Mila gani? Sisi tumekuwa na magari lini ya kuwekea mila?"

"Lakini Mzee alisema..."

"Mzee alikuwa anaogopa. Alijua nikiolewa nitapelekwa kwenu na hiyo gari. Hajawahi kufika Webuye, lakini nilipomwambia mnakuja aliuliza madereva wa malori pale lami. Walimwambia kuna mteremko wa Mau. Alikaa siku mbili bila kula. Sasa mzee mzima, mbele ya wageni, aseme anaogopa? Akasema ng'ombe mgonjwa. Halafu huyo babu yenu akasema ni mila." Alifuta macho kwa ncha ya leso. "Baba akaona, sawa, iwe mila."

 Nilimwona tena Mzee Lemayian kwenye kiti cha mbele, mkono kwenye dashibodi, akisema tena, tena. Siku zile nilifikiri anafurahia safari. Niliona hata wivu kidogo, kwamba mtu mzima anachezea gari hivyo. Kumbe alikuwa akimpeleka binti yake mlimani kila mara, na kila mara akimrudisha salama. Nimezunguka sana tangu wakati huo, nimelala kwa watu wenye desturi za kila namna, na kila nikiambiwa hapa kwetu hatufanyi hivi, hapa kwetu lazima hivi, huwa sikimbilii kucheka. Najiuliza kwanza huyu anamwogopea nani.

Lori lililonichukua lilikuwa la simiti, linakwenda mpakani. Tulipopita Isinya dereva alipunguza mwendo, ng'ombe walikuwa wakivuka lami, na nyuma yao alikuwa Mzee Lemayian mwenyewe, koti juu ya shuka. Nilitoa kichwa na mkono nje ya dirisha. "Sopa, Mzee!" Injini ilimeza sauti yangu yote. Alinyanyua fimbo bila kutazama juu, kama alivyomshukuru dereva yeyote aliyewasubiri ng'ombe wake, akawahimiza wa mwisho wavuke. Nilitaka kumwambia kwamba nimejua. Lakini barabara ilikuwa imefunguka mbele yetu, na dereva alikuwa tayari ameingiza gia.